Pumzi Aliyomwekea Mwanawe

Binti yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza huko Dar es Salaam nilikwenda kumlea, nikakaa naye mpaka mjukuu akaanza kucheka akichezewa. Siku ya kurudi kwangu Sirari ilipokaribia, mkwe wangu alisema sitapanda basi tena, akanikatia tiketi ya ndege mpaka Mwanza. Nilikataa kwa mdomo tu. Moyoni nilishafika mpakani, nawaringia wale wabadilisha fedha walio jirani na kibanda changu cha viatu na vitenge, wanaojiona wao ndio wameiona dunia. Nasema hivi ili ijulikane kwamba sikupanda ndege ile nikiwa na nia yoyote njema kwa mtu yeyote.

Ilikuwa miaka ile ambayo kwetu dhahabu ilikuwa imewaingia watu kichwani. Mwalimu aliacha chaki, mchungaji wa ng'ombe aliacha fimbo, na mashamba ya Kemambo yalijaa maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji, mpaka ng'ombe akawa hapiti bila kushikwa kamba. Mimi sikuwahi kuingia duarani. Niliijua dhahabu kwa wateja wangu. Kijana alikuwa akija na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, ananunua viatu bila kuvijaribu na vitenge vya wanawake ambao bado hajawapata, kisha baada ya muda anarudi na viatu vilevile mkononi, ananiomba nivinunue. Nilikuwa nawacheka. Sikujiuliza lile vumbi lilikokuwa linakwenda wakishanawa uso.

Kiti changu kwenye ndege kilikuwa cha katikati. Dirishani walikuwa wameshamketisha mgonjwa. Walimleta kwa kiti cha magurudumu kabla yetu sote, na nilipofika alikuwa ameegemea ukuta wa ndege, amevaa koti la sufu kwenye joto lile la Dar. Ndani ya koti mtu alikuwa mdogo. Shingo ilikuwa imebaki mishipa, midomo imepauka na kuingia weusi pembeni, na kila alipovuta hewa mabega yalipanda juu kama ya mtu anayenyanyua gunia. Halafu alikohoa. Kikohozi chake hakikuwa na makohozi, kilikuwa kikavu na kirefu, na watu wa viti vya mbele waligeuka kumtazama, kisha wakageuza nyuso haraka.

Niliketi. Nilijibana upande wa pili kadiri nilivyoweza. Niliogopa, na sioni sababu ya kulizunguka jambo hilo. Nguo zangu zilikuwa bado zinanukia mtoto mchanga, nami nikawaza kwamba ahsante Mungu naondoka kwa mtoto, sio ninakwenda kwake. Kiti cha upande wa njia alikaa mwanamume wa suti. Mgonjwa alipokohoa tena, yule wa suti alimwita mhudumu wa ndege, akamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba yeye hakulipa nauli ili akafie kifua kikuu, ahamishwe.

Ni jambo nililotaka kulisema mimi. Labda ndiyo maana nilimkasirikia sana. Mimi hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kuitwa mara mbili. Nilimwambia, "Wewe baba, huyu ana masikio. Ukitaka kuhama, hama, lakini usimtangaze mtu mbele yake." Akahama. Mhudumu, binti mpole ambaye naye alikuwa akiogopa lakini anaficha, alimletea mgonjwa kitambaa cha kufunika mdomo na pua, akamfunga mwenyewe kwa vidole viwili. Nikabaki naye peke yangu kwenye safu ile, na kiti kitupu kando yangu ambacho ningeweza kuhamia. Baada ya kelele zile zote sikuweza kuhama.

Mgonjwa akanigusa kiwiko. "Hiyo hasira ni ya kwetu," alisema kwa Kikurya. "Unatoka wapi, mama?"

Nikamwambia natoka Sirari. Nikamwamkia shikamoo, maana nilimwona ni mzee wa kumzidi baba yangu. Alicheka, na kicheko kikawa kikohozi, tukasubiri kiishe. Aliponiuliza nimeolewa na watu gani na ndugu zangu ni akina nani, tukakuta kwamba yeye alitahiriwa mwaka mmoja na mdogo wangu wa mwisho. Nilikuwa nimempa shikamoo mtu ambaye kwa haki ningemtuma dukani. Hapo ndipo nilipomtazama uso kwa mara ya kwanza, nikaona kwamba macho hayakuwa ya uzee.

"Si kifua kikuu," aliniambia. "Wamenipima mpaka wamechoka. Ni mawe."

Alikuwa mtwangaji. Kabla mashine za kusaga hazijafika kwao, mawe ya dhahabu yalitwangwa kwa mikono kwenye kinu cha chuma, mpaka yawe unga, ndipo yaoshwe. Alitwanga miaka yote ya ujana wake, ndani ya kibanda cha mabati, akijifunga kanga ya mkewe puani. Jioni alikunywa maziwa. Wote walikunywa maziwa, waliamini yanashusha vumbi tumboni na mtu analitoa chooni asubuhi. "Nimekunywa maziwa ya ng'ombe wengi sana," alisema. Daktari wa Dar es Salaam alikuwa amemwonyesha mapafu yake kwenye picha, meupe yote, akawaambia ndugu zake wa mjini wamrudishe nyumbani akiwa bado anakaa kitini. Walikuwa na uwezo wa tiketi moja tu. Kwa hiyo alikuwa anasafiri peke yake, na Mwanza angepokelewa na mwanawe.

Alipotaja mwanawe aligeukia dirisha, kiganja kifuani. Nilidhani ni pumzi. Ndege ilikuwa imeshapaa, mawingu yako chini yetu, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilitaka kuyatazama ili nikayasimulie.

Alinieleza kidogo kidogo, maneno machache kisha mapumziko. Mwanawe alikuwa mmoja tu wa kiume. Mwaka mmoja baba alipata kidogo kutoka kwenye mawe, akasafiri kwenda Nyambureti upande wa Serengeti kutafuta ng'ombe wa kulimia, maana alikuwa ameanza kuchoka kifua na alitaka kurudi kwenye jembe. Aliporudi alikuta nyumbani kwake pamejaa watu. Kijana alikuwa amechimba duara ndani ya mji wao wenyewe, yaani boma la nyumbani, nyuma ya ghala, na mwamba wenye dhahabu ulikuwa umekwenda upande wa migomba, penye kaburi la bibi yake. Kijana aliufuata mwamba. Siku ile baba anaingia na ng'ombe wake, ndoo iliyopandishwa kutoka shimoni ilikuwa na mawe na mfupa wa mama yake.

"Niliacha kamba ya ng'ombe hapohapo," alisema. "Nikamwambia mbele ya watu: mikono yako hii iliyomtoa mama yangu ardhini, isimshike mtoto wako."

Mtu asiye wa kwetu anaweza kuona hayo ni maneno. Mimi nilibatizwa utotoni, naimba kwaya, na mwili wangu ulisisimka mpaka kwenye kisigino. Laana ya baba mzazi haina daktari. Mungu naye anaiheshimu, ndivyo tulivyokua tukiambiwa, na sijakutana na mtu wa kwetu aliyethubutu kuijaribu. Kijana alioa. Mkewe alizaa, mtoto akafa kabla hajatolewa nje ya nyumba kupewa baba yake. Akazaa tena, ikawa vilevile. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, na siku zake zilikuwa zimefika.

"Ulikuwa unangoja nini?" nilimuuliza. Nilimuuliza kwa ukali, siwezi kusema vinginevyo.

"Nilikuwa na hasira, mama. Nilidhani nina muda."

Aliyefunga ndiye anayefungua, hakuna mwingine. Kwetu hufunguliwa hivi: mwana anapiga magoti na kufungua kifua, baba anachukua maji au maziwa mdomoni, anayatema kwa pumzi yake kwenye kifua cha mwana, kisha anatamka maneno ya kuyafuta yale ya kwanza. Maneno hayo husemwa mara moja tu. Yakisemwa pasipo mahali pake, yakaenda na upepo, yameisha, hayasemwi tena. Kijana alijua baba yake ameamua kumfungua. Alikodi gari akashuka mpaka Mwanza, na alikuwa uwanjani pale tangu asubuhi, kwa sababu alihofu kwamba baba hatafika kwao Kemambo akiwa hai. Ilikuwa wafanye palepale, ndege ikitua, bila kungoja wazee wala mbuzi.

Basi nikaanza kuomba. Sikuwa naombea mapafu yake, hayo niliyaona yalivyo. Nilikuwa naomba dakika. Niliutazama ule mfuko wa karatasi wa kutapikia aliokuwa ameushika, nikawaza kwamba ndege nzima wamejiziba pua kwa kuogopa mate ya mtu huyu, na Mwanza kuna kijana anayeyangoja mate hayohayo kama uhai wake.

Tulipokaribia Mwanza ndege iliingia kwenye wingu jeusi. Ilitikisika, watu wakataja majina ya Yesu na ya Mtume kwa pamoja. Tulizunguka. Nilipochungulia kupitia dirisha lake niliona mara moja yale mawe makubwa ya Mwanza na kipande cha ziwa, halafu mvua ikafunika. Tulizunguka tena. Kisha rubani akasema kwamba uwanja haukuonekana, tunakwenda Kilimanjaro kusubiri hali ya hewa itulie.

Mgonjwa hakuwa na Kiswahili kingi cha rubani. "Amesema nini?"

"Amesema tunageuka."

Alifumba macho. Nilimshika mkono. Sikumbuki niliacha saa ngapi kuogopa kikohozi chake, labda ni hapo.

Kilimanjaro hatukushuka. Tulikaa ndani ya ndege, milango imefunguliwa, na watu wakaanza kupiga simu na kulalamikia mikutano yao. Hewa ya pale ilimfaa kidogo, au ni kule kutulia. Alikaa wima, akakishusha kitambaa kidevuni. Midomo ilipata rangi. Akaniambia kwa sauti ambayo hakuwa nayo tangu tumeondoka Dar, "Mama, nipigie mwanangu." Simu yake ilikuwa haina chaji. Nilibonyeza namba alizozitaja kwa kichwa, na simu ikapokelewa kabla haijaita vizuri.

Nilimwambia kijana mimi ni nani na tuko wapi. Nikaweka simu kwenye sikio la baba. Simu yangu ni ya kelele, ya biashara, kila neno nililisikia.

"Mura," alisema mgonjwa, yaani kijana wangu. "Nisikilize sasa, nina pumzi. Lile neno nililolisema siku ile..."

"Tata, nyamaza!" Kijana alimpigia kelele baba yake, na nyuma yake nilisikia mvua ikipiga mabati. "Usilitoe kwenye simu! Tata, nakusihi, usilimalize. Litapotea. Nimewauliza wazee, wamesema ni mdomo na kifua. Itunze hiyo pumzi. Usiongee na mtu yeyote. Nakungoja hapahapa."

Mgonjwa alinitazama. Alikuwa ananiuliza mimi. Nami niliona kijana amesema sawa. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi, nalo ni lilelile: mtu ana pumzi kifuani, ana maneno mdomoni, mwanawe yuko sikioni kwake, na sisi watatu, watu wazima wenye akili zetu, tukakubaliana kwamba asiseme. Hakuna Mkurya niliyemsimulia ambaye angefanya tofauti. Niliitikia kwa kichwa kwamba anyamaze. Akanirudishia simu, akafunga mdomo.

Tangu hapo hakusema neno. Mhudumu alimuuliza kama anataka chai, akatazama pembeni. Nilimuuliza kama anasikia maumivu, akafinya mkono wangu tu. Alikuwa anavuta hewa kidogo kidogo kwa puani, kwa uangalifu, na kikohozi kilipomjia alipambana nacho mpaka machozi yakamtoka, asikipe pumzi yake. Nilimwonea uchungu na nilimwonea fahari. Nilikuwa nahesabu kwamba tutafika, na kwamba nitaliona jambo lile kwa macho yangu.

Wingu lilichukua muda mrefu kuondoka. Tuliporuka tena jua lilikuwa limeshavuka upande wa pili, na huko juu hali ya mgonjwa ikaanza kushuka. Sijui kusema kitaalamu. Vidole vyake viligeuka rangi. Yule binti mhudumu alileta mtungi mdogo wa hewa, akamvalisha, akapiga magoti kwenye njia akimshikia, na sasa hakuwa anatumia vidole viwili. Mgonjwa hakuwa analala wala hakuwa macho. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa vilevile.

Tulitua Mwanza njia ya ndege haijakauka. Abiria walipita wakiwa wamejifunika pua kwa kola na mitandio, yule wa suti akiwa wa kwanza. Sisi tulishuka wa mwisho. Walimvua mtungi wa hewa, wakamrudishia kitambaa, wakambeba mpaka kwenye kiti cha magurudumu, nami nikamfuata na koti lake mkononi.

Kijana nilimjua kabla hajasema kitu. Alikuwa mtu mkubwa, wa kifua kipana, kavaa shati jeupe jipya. Alikuja mbio kutoka kwenye mlango wa kupokelea wageni, na alipofika mbele ya kiti alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya viatu vya watu, akafungua vifungo vyote. Watu walisimama wakatazama. Walidhani ni kilio tu. Hawakujua kinachoendelea, na wahudumu wa uwanja, watu wenye huruma zao, walijaribu kumwinua kwa upole.

"Tata," alisema. "Niko hapa."

Baba alifumbua macho, akamwona. Aliinua mkono akakivuta kile kitambaa kikashuka kidevuni. Alinitazama nikaelewa, nikamfungulia chupa ya maji, nikaiweka kwenye midomo yake, akachukua funda. Mashavu yalijaa. Kijana alisogea karibu mpaka kifua chake kikagusa magoti ya baba. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mgonjwa kwa nyuma, na nilihisi shingo ikikaza, mishipa yote ikijikusanya kwa ajili ya kazi ile moja.

Pumzi haikuwepo. Aliitafuta. Mabega yalipanda, yakapanda tena, tumbo likaingia ndani, na hakuna kilichosukuma. Maji yakaanza kuvuja pembeni mwa midomo, yakateremka kidevuni, yakaloweka shati lake mwenyewe. Mengine aliyameza, nilisikia koo likiyameza, na macho yake yakapanuka, kwa sababu alijua amefanya nini.

Nilimpa funda lingine. Hilo halikukaa hata mdomoni.

Kijana alipoona hivyo alinyoosha mikono yake, akayafuta maji kwenye kidevu cha baba na kwenye shati, akajipaka kifuani. Alijipaka kwa nguvu, akikwangua, huku akisema, "Nimepokea, tata, nimepokea." Baba alikuwa anatikisa kichwa. Kilikuwa mikononi mwangu kichwa kile, kwa hiyo najua kilikuwa kinatikiswa kukataa. Midomo ilicheza. Kijana akaniuliza, "Amesema nini, mama? Wewe uko karibu. Amesema nini?"

Niliinama mpaka sikio langu likawa mdomoni kwake. "Sijasikia neno, mwanangu," nilimwambia.

Nilisafiri nao, kwa kuwa njia yao ilikuwa yangu mpaka Tarime. Nilikaa kiti cha nyuma na kichwa chake mapajani. Tulipita Magu, tukapita Bunda, na kijana hakuacha kuongea, alikuwa anamweleza baba habari za nyumbani, mahindi yamefikia wapi, mke amelala kwa mama mkwe, nani ameuza ng'ombe. Kabla ya kufika daraja la Mto Mara niliona kwamba yule anayesimuliwa hayupo. Nilimwacha kijana amalize habari ya mahindi, kisha nikamgusa bega. Alisimamisha gari pembeni. Hakulia. Aliweka mikono juu ya usukani akaitazama.

Kwenye maziko wazee waliniita pembeni nikiwa shahidi. Waliniuliza jambo moja: maji yalitoka kwa pumzi yake, au yalianguka? Nilikasirika, nikawauliza kama wao wangekuwa na ujasiri wa kumshika kichwa mtu yule. Walinisubiri nimalize. Kisha nikasema yalianguka. Walichinja mbuzi, wakafanya walichoweza, lakini mkubwa wao alimwambia kijana wazi, kwamba wao si baba yake, na mdomo uliofunga umeshaingia kaburini. Alimwambia vilevile kwamba alichopokea pale uwanjani alikichukua mwenyewe, hakupewa. Nilidhani kijana atabisha. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayeambiwa jambo alilokuwa analijua.

Mkewe alijifungua siku chache baadaye. Habari zilinifikia Sirari kupitia wanawake wa sokoni: mtoto wa kike, mzima. Nilingoja habari ya pili, ile ya kifo, haikuja. Mwezi ukapita, mvua zikapita. Mtoto alikuwa anaishi. Nilifurahi kupita kiasi, nikaamini Mungu ameamua kuwa na akili kuliko wazee, na kiangazi kilipofika nilifunga vinguo vya mtoto nikaenda Kemambo kumwona.

Alikuwa mtoto mnene, mwenye vishimo mashavuni, anaanza kusimama kwa kushika kitu. Duara la nyuma ya ghala lilikuwa limefukiwa na juu yake wamepanda viazi. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda mbali kidogo na sisi, ukutani. Alinisalimia vizuri. Nikamwambia mkewe, huku nacheka, kwamba mtoto kafanana na baba kichwa, na baba lazima anamharibu kwa kumbeba.

Mama alishusha sauti. "Hajawahi kumshika," alisema. "Hata siku moja. Mtoto akianguka ananiita mimi."

Nilimgeukia yule mwanamume. "Kwa nini?"

"Amezaliwa mzima kwa sababu sijamgusa, mama," alisema. "Nikimshika atakwenda. Bora aishi hivyo."

Hapo hasira zangu zilinipanda zote. Nilimwambia mtoto huyu amekula, amenenepa, ameota meno, laana gani inangoja mtu aote meno? Nilimwambia baba yake amekufa akihangaika kumfungua, na sasa yeye anajifunga mwenyewe. Niliongea mpaka kuku wakakimbia. Kisha nikamnyanyua mtoto kutoka chini, nikamwendea, nikamnyoosha mbele yake. "Mshike," nilisema. "Leo, mbele yangu. Mshike."

Alisimama akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaficha mikono yake nyuma. Mtoto alidhani ni mchezo. Alicheka, akamnyooshea baba yake mikono yote miwili, akajitupa mbele kwa nguvu mpaka nikamdaka kiunoni. Baba yake alikuwa anamtazama na machozi yanamtoka, na mikono hakuitoa. Nilikaa hivyo nimemnyoosha mtoto mpaka mabega yakaanza kuuma.

Ndipo nikagundua kwamba ninaomba kimoyomoyo asimpokee. Nilimrudisha kwa mama yake, na nilipoona bado anapumua, nilishukuru.